Diego Rivera, Mchoraji wa Watu wa Kazi

Diego Rivera alizaliwa mwaka 1886 katika mji wa Guanajuato, nchi ya Meksiko. Alizaliwa pacha, lakini nduguye alikufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Husimuliwa ya kuwa Diego alipokuwa mdogo alichorachora kutani, na babaye hakumpiga, bali alimpa chumba achore kuta zake apendavyo.

Mwaka 1907 alikwenda Ulaya kujifunza, akakaa huko miaka mingi. Aliporudi kwao mwaka 1921, nchi ilikuwa imetoka katika vita vya miaka 10, na watu wengi hawakujua kusoma. Basi Serikali ikamtaka achore juu ya kuta za majumba yake, ili hata wasiojua kusoma wapate kuyaona mambo ya nchi yao. Alichora juu ya chokaa ingali mbichi, maana rangi hukauka pamoja nayo wala haibanduki.

Katika jumba la Wizara ya Elimu mjini Mexico City aliwachora wafuma nguo, wafinyanzi, na mwalimu wa shamba ameketi chini na wanafunzi wake. (Picha hiyo naipenda kupita zote, na sababu yake mwaijua.) Picha nyingine yaonyesha mchimbaji atokaye mgodini. Amenyosha mikono yake miwili, naye msimamizi anampekua asije akaiba kitu. Tazameni tena mikono ile: ndivyo ilivyo mikono ya mtu aliyesulibiwa. Rivera mwenyewe hakuwa mtu wa dini, lakini alijua ya kuwa watu wa kwao wataitambua alama hiyo mara moja.

Mwaka 1935 alichora picha ya mchukuzi wa maua, ambayo sasa iko San Francisco, Marekani. Mtu mwenye nguo nyeupe ameinama, magoti na mikono chini, na mgongoni ana tenga kubwa lililojaa maua. Nyuma yake mwanamke analishika tenga, ili mtu yule apate kuinuka. Mtauliza, je, maua nayo ni mazito hata yamlemee mtu mzima? Fumbo liko hapo. Wengi huifasiri hivi: kinachomlemea ni kazi ambayo faida yake huwaendea wengine. Maua yatapamba nyumba zao. Yeye hawezi hata kuyaona, kwa kuwa yako mgongoni na uso wake umeelekea chini.

Rivera alikufa mjini Mexico City mwezi wa Novemba, 1957. Mchimbaji yule angali pale ukutani, mikono yake imenyoshwa.