Margaret Laurence: Mama wa Kanada aliyeanzia kwa Wasomali

Juzi nilikuwa napekua kozi za vyuo vya nje (si mnajua tena, kuota ni bure) nikakuta kitu kimeniacha mdomo wazi. Kuna watu Ujerumani na India wanasomea fasihi na utamaduni wa Kanada. Yaani mtu yuko kwao anachambua riwaya za Wakanada mpaka anaandika tasnifu! Serikali ya Kanada yenyewe ilikuwa inatoa hela kusaidia masomo hayo nchi za nje, hadi ilipoufuta mpango huo mwaka 2012.

Basi kwenye orodha za vitabu vyao nikakutana na jina la Margaret Laurence. Nikamfuatilia huyu mama. Kumbe kitabu chake cha kwanza kilichapwa hapo Nairobi! Mi sekondari nimemaliza bila hata kulisikia jina lake.

Alizaliwa Julai 18, 1926, mji mdogo wa Neepawa, jimbo la Manitoba. Mama yake alifariki binti akiwa na miaka minne, na baba miaka michache baadaye. Aliyemlea ni dada wa mama yake, ambaye aliolewa na baba yake baada ya msiba. Baadaye wakahamia kwa babu, mzee mkali kweli kweli. Akasoma chuo Winnipeg, akamaliza 1947, akaolewa na Jack Laurence, mhandisi.

Sasa hapa ndo pananoga. Mwaka 1950 Jack alipata kazi Somalia ya Waingereza, kuchimba mabwawa ya kukusanya maji ya mvua kwa ajili ya wafugaji jangwani. Wake wengi wa wazungu wa enzi zile walikuwa wanakaa klabuni kulalamikia joto na watumishi. Huyu akaanza kuulizia mashairi. Wakati huo Kisomali hakikuwa na maandishi rasmi, yamekuja kupitishwa 1972. Mashairi yote yalikuwa vichwani mwa watu, na mtu anaghani shairi refu bila karatasi wala nini.

Aliyemfungulia mlango ni msomi wa Kisomali, Musa Galaal, pamoja na Mpolandi mmoja mtaalamu wa lugha, Andrzejewski. Wao wanamfafanulia neno kwa neno, yeye anatafuta namna ya kulisema kwa Kiingereza. Kitabu kikatoka 1954, kinaitwa A Tree for Poverty. Kwa maoni yangu jina la Galaal lilistahili kuandikwa makubwa sawa na la mama, lakini ndo mambo ya ukoloni hayo.

Kutoka hapo wakaenda Gold Coast hadi 1957, mwaka ilipogeuka kuwa Ghana. Riwaya yake ya kwanza, This Side Jordan ya 1960, inahusu huko, na ndani yake kuna mwalimu Mwafrika ambaye mwandishi anasema mawazo yake kabisa. Baadaye mwenyewe aliingiwa na wasiwasi: hivi nina haki gani ya kusemea kichwa cha mtu wa Ghana? Akaacha. Mwaka 1968 alitoa kitabu kuchambua waandishi wa Nigeria, akina Achebe na Soyinka. Maana yake aliwapisha wenyewe waseme, yeye akabaki msomaji. Ni wangapi wanafanya hivyo, jamani?

Akarudi kwenye mambo ya kwao, ila akiwa mbali. Mwaka 1962 alitengana na mume, akachukua watoto wawili akahamia Uingereza. Akatunga mji unaoitwa Manawaka, ambao ukiutazama vizuri ni Neepawa ile ile. Ukatoa vitabu vitano. The Stone Angel ya 1964 ni habari ya bibi wa miaka 90, mkaidi, hataki kupelekwa nyumba ya wazee. Ya mwisho, The Diviners ya 1974, ilimpa tuzo ya Gavana Mkuu kwa mara ya pili.

Halafu akarudi kuishi Lakefield, Ontario, na hapo ndipo alipoumizwa. Mwaka 1976 baadhi ya wazazi na watu wa dini wa eneo lile lile walitaka The Diviners iondolewe mashuleni, eti ni chafu. Haikuondolewa. Mwaka 1985 wakaanza tena. Na huyu mama alikuwa Mkristo wa kanisani! Kusemwa na watu unaopishana nao dukani kila siku si mchezo. Riwaya nyingine ya watu wazima hakutoa tena.

Mwaka 1986 aligundulika na saratani ya mapafu. Januari 5, 1987 alijitoa uhai, akiwa na miaka 60. Watu wengi walikuja kulijua hilo 1997 tu, kilipotoka kitabu cha maisha yake. Majivu yake yalizikwa Neepawa, na nyumba ya yule babu mkali ikafanywa makumbusho yake.

Haya, wadau wa Nairobi: kuna yeyote aliyewahi kukiona kile kitabu cha 1954 kwenye maktaba yoyote? Na wale mnaojua Kisomali, hao wazee wanaoghani bado wapo huko kwenu? Tupieni hapo chini.