Ufunguo wa Jela Ulikuwa Mkononi Mwake

Wiki hii nataka tumtazame mtumishi mmoja wa Mungu aliyekaa jela miaka 12, na ilhali kuahidi jambo moja tu kungemtoa. Jina lake ni John Bunyan.

Alizaliwa mwaka 1628 kijijini Elstow, karibu na mji wa Bedford, Uingereza. Hakuwa msomi. Kama babake, alikuwa fundi wa kuziba sufuria, akizunguka vijijini kutafuta kazi. Ujanani alijulikana kwa matusi. Lakini neema ilimfikia, akaokoka, akaanza kuhubiri, na watu wakaja kwa wingi kumsikiliza.

Mwaka 1660 Mfalme Charles II alirudi madarakani, na wanaohubiri nje ya kanisa la serikali wakaanza kuandamwa. Novemba mwaka huo Bunyan alialikwa kuhubiri kwenye nyumba moja huko Samsell. Kufika, akaambiwa hati ya kumkamata iko tayari. Mwenyeji akashauri mkutano uahirishwe. Bunyan akakataa, maana aliona kwamba yeye akikimbia, walio wachanga katika imani wataogopa zaidi. Akaanza ibada, na hapo hapo akakamatwa.

Sasa angalia jaribu lenyewe, mpendwa. Hakuambiwa amkane Yesu. Aliambiwa tu aache kuhubiri, arudi kwa watoto wake. Na hebu fikiria nyumba yenyewe: watoto 4 waliofiwa na mama yao, na mmoja wao, Mary, alikuwa kipofu. Mke wake wa pili, Elizabeth, alikuwa mjamzito. Habari za kukamatwa zilimshtua, uchungu ukaanza kabla ya wakati, na mtoto akafa.

Mimi nikifika hapa huwa nasimama kwanza. Najiuliza, ningekuwa mimi, ningefanya nini? Sijibu haraka. Bunyan mwenyewe aliandika jinsi kumwaza Mary akipata shida kulivyomvunja moyo. Kumbe kusimama imara si kukosa kusikia uchungu.

Mwaka 1661 Elizabeth aliwaendea majaji kumwombea mumewe. Wakataka kujua kama ataacha kuhubiri. Yule mama kijana akawajibu kwamba hathubutu kuacha maadamu anaweza kusema.

Jela Bunyan alitengeneza kamba za viatu zipate kuuzwa, familia ile. Alihubiria wafungwa, akaandika vitabu. Lakini kamba hazikutosha. Elizabeth na watoto waliishi pia kwa msaada wa watu wema. Wapendwa, hapo ndipo panaponigusa zaidi. Ile miaka 12 haikubebwa na mtu mmoja. Yuko aliyefungwa, na wako waliohakikisha watoto wake hawalali njaa.

Aliachiliwa mwaka 1672, akawa mchungaji Bedford, kisha akafungwa tena miezi kadhaa. Mwaka 1678 kitabu chake kuhusu safari ya Mkristo kuelekea mbinguni kilichapishwa, na kimetafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Mwaka 1688 alisafiri kumpatanisha baba na mwanawe, akanyeshewa njiani, akashikwa na homa, akafa London akiwa na miaka 59.

Sisi leo hatufungwi kwa kuhubiri. Lakini ile bei bado inatajwa: nyamaza tu, mambo yako yataenda sawa. Kuna ndugu kazini anaambiwa atie sahihi risiti ya uongo, la sivyo kibarua kiishe. Kuna dada amefukuzwa kwao kwa sababu ya wokovu. Ni rahisi sana kumwambia mtu kama huyo asimame imara, halafu twende zetu tukale. Kabla ya kumwambia hivyo, tujiulize: nani amempelekea unga?

Someni Matendo 4:18-20 na familia zenu jioni. Mungu awabariki.