Mwalimu Escalante na Dhana ya Watahini

Mwalimu nitakayemweleza leo si wa pwani yetu wala si wa dini yetu, ila habari yake yafaa ijulikane na kila mwenye mtoto shuleni. Jaime Escalante alizaliwa La Paz, Bolivia, mwaka wa 1930, na wazazi wake wote wawili walikuwa walimu.

Kwao alisomesha fizikia na hesabu. Katika miaka ya 1960 alihamia Marekani, na huko vyeti vyake havikumfaa kitu. Kiingereza hakijui. Mwalimu mzima akapiga deki mkahawani, kisha akafanya kazi ya vyombo vya elektroniki, na usiku anasoma. Hata mwaka wa 1974 ndipo aliporudi darasani, katika sekondari ya Garfield, Los Angeles Mashariki, mtaa wa watu wenye asili ya Meksiko, wengi wao mafukara.

Hapo akawafunza kalkulasi, hesabu ambazo wengi walidhani haziwafai watoto wa mtaa ule. (Msingi wake ni aljebra, na neno hilo ni la Kiarabu, al-jabr, tuliloachiwa na Al-Khwarizmi, basi na sisi tusiikimbie kama mali ya wageni.) Akawasomesha kabla ya kengele ya asubuhi na baada ya ile ya jioni.

Mwaka wa 1982 wanafunzi wake 18 walifanya mtihani wa kalkulasi wa kiwango cha chuo kikuu, wote wakapasi. Watahini wakawatilia shaka 14, kwa kuwa makosa yao yalifanana mno. Escalante alishikilia kuwa lau wangekuwa watoto wa wenye nacho, wasingeshukiwa. Nami sioni ajabu akiudhika: wa tajiri akipasi huambiwa ana akili, wa maskini huulizwa kaibia wapi. Kumi na wawili wakakubali kuurudia mtihani, na wote wakapasi tena.

Mwaka wa 1988 ikatoka filamu ya maisha yake, na sifa ikaleta husuda. Baadhi ya walimu wenziwe wakanung'unika, mwaka wa 1990 akapoteza uongozi wa idara ya hesabu, na 1991 akaenda zake Sacramento. Nyuma yake Garfield, waliopasi kalkulasi wakapungua.

Alifariki California tarehe 30 Machi 2010, kwa saratani. Alipokuwa mgonjwa, wanafunzi wake wa zamani walimchangia fedha za matibabu.