Bevan: Mchimba makaa aliyejenga nyumba zilizokuja kuuzwa kwa punguzo

ANEURIN Bevan alifariki dunia Julai 6, 1960, miaka 20 kabla Bunge la Uingereza halijapitisha sheria iliyowapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa punguzo la bei. Hata hivyo, nyumba zilizojengwa chini ya usimamizi wake ni miongoni mwa zilizowavutia wanunuzi.

Alizaliwa Novemba 15, 1897 mjini Tredegar, Wales, akiwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Aliacha shule akiwa na miaka 13, naye akaingia mgodini. Mwaka 1929 alichaguliwa mbunge wa Ebbw Vale kwa tiketi ya Chama cha Labour, na mwaka 1945 akateuliwa Waziri wa Afya, wizara iliyosimamia pia ujenzi wa nyumba.

Wengi wanamkumbuka kwa huduma ya afya ya taifa iliyoanza Julai 5, 1948. Lakini kazi yake katika nyumba nayo haikuwa ndogo. Vita ilikuwa imebomoa makazi, na vifaa vya ujenzi vilikuwa adimu. Pamoja na hayo, Bevan alikataa nyumba za kubana. Nyumba ya vyumba vitatu vya kulala ilitakiwa kuwa na futi za mraba 900 badala ya 750. Mwaka 1949, sheria aliyoisimamia iliondoa sharti kuwa nyumba hizo ni za tabaka la wafanyakazi. Alitaka daktari na kibarua waishi mtaa mmoja.

Sheria ya mwaka 1980, chini ya serikali ya Margaret Thatcher, ilimpa mpangaji wa miaka mitatu punguzo la asilimia 33, likipanda kila mwaka hadi asilimia 50 kwa aliyefikisha miaka 20. England pekee imeuza karibu nyumba milioni mbili. Familia nyingi zilipata mali ya kurithisha watoto. Lakini halmashauri zilibanwa katika kutumia fedha za mauzo kujenga nyingine, na wenye kipato kidogo wakabaki kwenye foleni.

Wales, alikozaliwa Bevan, ilifuta haki hiyo Januari 2019. England iliibakiza, ila Novemba 2024 kiwango cha juu cha punguzo, kilichofikia pauni 136,400 jijini London, kilishushwa hadi kati ya pauni 16,000 na 38,000 kulingana na eneo.

Kila mwenye duka anaijua hesabu hiyo: anayeuza kwa bei ya chini bila kuleta mzigo mpya, mwisho hubaki na rafu tupu.