JAJI ALIYEKAMATWA MAHAKAMANI

Pita kando ya barabara hapa Salgaa jioni uyaone malori yalivyopanga foleni, madereva wakipumzika kabla ya kushika njia ya Malaba hadi Kampala. Huko Kampala ndiko alikofanya kazi Benedicto Kiwanuka, mwanasiasa aliyekuwa jaji, na ujaji huo ndio uliomponza.

Kiwanuka alizaliwa mwaka wa 1922 upande wa Masaka. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa askari wa KAR, kisha akawa mkalimani mahakamani. Mwingine angeridhika hapo. Yeye alifunga safari hadi Basutoland, halafu London, akarudi mwaka wa 1956 akiwa wakili kamili.

Mwaka wa 1958 alichaguliwa kukiongoza chama cha DP. Chama hicho kilishinda uchaguzi wa 1961, maana watu wengi wa Buganda waliususia kwa kuitii serikali ya Kabaka. Mengo hawakumpenda kabisa, ingawa alikuwa Muganda mwenzao. Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, lakini kiti hakikupata hata joto: Aprili, Obote akisaidiwa na Kabaka Yekka alimbwaga. Basi bendera ya uhuru ikapandishwa Oktoba huku yeye yuko nje ya serikali.

Mwaka wa 1969 Obote akamtia ndani. Idi Amin alipopindua serikali Januari 1971 alimfungulia, na Juni akamfanya Jaji Mkuu, mwananchi wa kwanza kushika cheo hicho. Nadhani Amin alifikiri amepata mtu wa kuitikia ndiyo mzee kwa kila jambo. Wapi!

Septemba 1972 wanajeshi walimzuilia Mwingereza mmoja. Kesi ikaja kwa Kiwanuka, naye akaamua kwamba jeshi halina mamlaka ya kukamata raia, akaamuru mtu huyo aachiliwe. Hebu fikiria, kutamka hivyo wakati wa Amin! Hata rafiki zake lazima walitetemeka.

Tarehe 21 mwezi huohuo watu wa Amin waliingia Mahakama Kuu, wakamkamata Jaji Mkuu palepale kazini na kumtia garini. Serikali ilikana kuhusika. Kiwanuka aliuawa, na hakuna jaji aliyeweza kumtolea yeye amri kama ile aliyomtolea Mwingereza. Mpaka leo familia yake haijapata mwili wa kuzika.