Johnny Unitas: Mkono wa dhahabu na mabega yaliyoubeba

Tarehe 28 Desemba 1958, katika uwanja wa Yankee jijini New York, zilikuwa zimebaki pungufu kidogo ya dakika mbili mchezo kumalizika. Baltimore Colts walikuwa nyuma kwa pointi 17 kwa 14 mbele ya New York Giants. Ulikuwa mchezo wa kuwania ubingwa wa mpira wa Kimarekani, na mpira ulikuwa kwenye yadi ya 14 ya upande wao wenyewe, karibu uwanja mzima kutoka walikotakiwa kufika. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Watu zaidi ya 64,000 walikuwa uwanjani, na mamilioni ya wengine walikuwa mbele ya televisheni zao.

Aliyeshika mpira alikuwa kijana wa miaka 25, mwembamba, mwenye mabega ya kuinama kidogo, aliyevaa jezi namba 19. Jina lake lilikuwa Johnny Unitas. Miaka mitatu tu kabla ya siku hiyo alikuwa kibarua wa ujenzi aliyecheza timu ya mtaani kwa dola 6 kwa mchezo. Baada ya siku hiyo Marekani nzima ilimjua kama mtu mwenye mkono wa dhahabu. Lakini ukiifuata hesabu ya siku ile hatua kwa hatua, utakuta mkono huo haukufanya kazi peke yake hata mara moja.

Mtoto wa gari la makaa

Unitas alizaliwa tarehe 7 Mei 1933 huko Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, katika familia yenye asili ya Lithuania. Baba yake alikuwa na biashara ndogo ya kusambaza makaa ya mawe majumbani. Mwaka 1938 baba alifariki, na Johnny alikuwa na miaka mitano. Mama yake, Helen, aliachwa na watoto wanne na lori la makaa.

Mama huyo hakuuza lori. Aliendeleza biashara ya mumewe mchana, usiku akasafisha ofisi za watu, na baadaye akasomea utunzaji wa hesabu hadi akapata kazi ya kudumu. Wanawe walibeba makaa na kuyapakua kwa majirani. Unitas aliishi maisha yake yote akimtaja mama yake kuwa ndiye aliyemfundisha ugumu wa kazi.

Chuo Kikuu cha Notre Dame, ambacho vijana wengi wa dini yake waliota kukichezea, kilimkataa kwa kuwa alikuwa mwembamba mno. Akaenda Louisville. Mwaka 1955 timu ya nyumbani kwao, Pittsburgh Steelers, ilimchukua katika raundi ya tisa ya uteuzi, kisha ikamwacha kabla msimu haujaanza. Tayari alikuwa na mke na mtoto. Akarudi kwenye vibarua vya ujenzi, na mwishoni mwa juma akawa anaichezea timu ya mtaani iliyoitwa Bloomfield Rams, kwenye viwanja vibovu, kwa zile dola 6.

Mwaka 1956 Baltimore Colts walimwita kwa majaribio, wakampa mkataba wa dola 7,000 awe mchezaji wa akiba.

Kazi ya kwotabeki

Anayetazama mpira wa Kimarekani kwa mara ya kwanza humwona mtu mmoja tu. Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, na ikifaulu hupewa manne mengine. Kila jaribio huanza kwa mpira kumfikia mtu anayesimama nyuma ya wenzake. Huyo ndiye kwotabeki. Anaweza kumkabidhi mwenzake akimbie nao, au kuurusha kwa mwenzake aliye mbali.

Mbele yake husimama wanaume watano wanene ambao kazi yao ni kuwa ukuta. Wao hawarushi mpira, hawaudaki, na majina yao hayatangazwi mara kwa mara. Ukuta ukivunjika, kwotabeki huangushwa kabla hajainua mkono. Ukisimama kwa sekunde tatu, naye anayepokea akafika mahali walipokubaliana, mkono wowote mzuri utaonekana wa dhahabu. Ni kama mzigo unaofika sokoni kwa wakati: anayesifiwa ni mwenye duka, huku dereva, wakala na mpakiaji wakiwa wameshaondoka.

Unitas aliyaona hayo mapema kwa njia ya uchungu. Oktoba 1956 kwotabeki wa kwanza wa Colts, George Shaw, aliumia goti katika mchezo dhidi ya Chicago Bears, na kijana wa akiba akaingizwa. Pasi yake ya kwanza ilidakwa na mpinzani aliyekimbia nayo hadi mwisho wa uwanja. Muda mfupi baadaye alishindwa kumkabidhi mwenzake mpira vizuri, ukaanguka na kuchukuliwa na Bears. Colts walifungwa 58 kwa 27. Mkono ulikuwa uleule wa miaka iliyofuata. Kilichokosekana ni kuzoeana na watu aliokuwa akicheza nao.

Watu wa Baltimore

Kocha Weeb Ewbank alikuwa akijenga timu kidogo kidogo, na mmoja wa watu wake alikuwa Raymond Berry. Berry alichaguliwa katika raundi ya 20, hakuwa na mbio, na macho yake yalikuwa dhaifu. Alichokuwa nacho ni uvumilivu. Kila mazoezi yalipokwisha na wengine kwenda kuoga, Berry na Unitas walibaki uwanjani. Mmoja alikimbia njia ileile mara nyingi, mwingine akarusha mpira uleule, mpaka Unitas akaweza kuurusha kabla Berry hajageuka, akijua atageukia wapi.

Mwaka huohuo wa 1956 alikuja Lenny Moore, mkimbiaji mwepesi aliyeweza pia kupokea pasi za mbali. Mwaka 1957 alikuja Jim Parker, jitu lililowekwa upande wa kushoto wa ukuta. Upande huo ni wa hatari, kwa sababu kwotabeki anayetumia mkono wa kulia huupa mgongo anaporusha. Kwa miaka kumi Parker aliulinda mgongo wa Unitas.

Parker na Moore walikuwa weusi. Baltimore ya miaka hiyo ilikuwa na migahawa na majumba ya sinema yasiyowapokea watu weusi. Jumapili mchana walimkinga mwenzao mweupe kwa miili yao, na jioni kila mmoja akashika njia yake. Moore alilieleza jambo hilo waziwazi alipokuwa mzee. Ushirikiano wa uwanjani ulikuwa wa kweli, lakini mji haukuwa tayari kuufuata hadi nje ya lango.

Wakati ule kwotabeki ndiye aliyechagua mbinu ya kila jaribio, na Unitas alikuwa na sifa ya kuwasikiliza wenzake. Wachezaji walipokusanyika kabla ya jaribio, aliwauliza wapokeaji na watu wa ukuta walichokiona kwa wapinzani, ndipo akaamua. Akishaamua, hakubishiwa.

Dakika mbili za New York

Msimu wa 1958 wenyewe ulitoa ushahidi wa pande zote mbili. Mwezi Novemba, katika mchezo dhidi ya Green Bay Packers, Unitas alivunjika mbavu na kulazwa hospitalini. Colts waliendelea na kuwashinda Packers 56 kwa 0. Wakiwa na Shaw walifungwa na Giants kwa pointi tatu, kisha wakawalaza Bears 17 kwa 0. Timu ilisimama bila yeye. Aliporudi akiwa amefungwa kinga kifuani, pasi yake ya kwanza ilimfikia Moore, naye akaenda nayo moja kwa moja hadi mwisho wa uwanja.

Katika fainali yenyewe, Giants nusura waumalize mchezo mapema. Walihitaji hatua chache tu ili waendelee kukaa na mpira hadi muda uishe. Gino Marchetti, beki wa Colts, alimzuia Frank Gifford pungufu kidogo ya mstari, na katika rundo la watu walioanguka akavunjika mguu. Alitolewa kwa machela, lakini alikataa kuingizwa ndani, akabaki pembeni kutazama. Bila mguu huo wa Marchetti, zile dakika mbili za Unitas zisingekuwapo.

Mpira uliporudi kwa Colts, Unitas alimpa Moore pasi ya yadi 11. Kisha akamtafuta Berry mara tatu mfululizo: yadi 25, yadi 15, yadi 22. Zikiwa zimebaki sekunde saba, Steve Myhra alipiga mpira kwa mguu ukapita katikati ya nguzo. Matokeo yakawa 17 kwa 17, na kwa mara ya kwanza ubingwa wa ligi hiyo ukaingia muda wa nyongeza.

Giants walianza na mpira, ulinzi wa Colts ukawazuia. Ndipo Unitas akawaongoza wenzake yadi 80 katika hatua 13. Hatua ya mwisho haikuwa pasi. Alimkabidhi mpira Alan Ameche, Moore akamwondoa mlinzi njiani, na Ameche akapita katika uwazi ulioachwa bila kuguswa sana. Colts 23, Giants 17.

Siku hiyo Unitas alikamilisha pasi 26 kati ya 40 kwa yadi 349. Berry peke yake alipokea 12 kwa yadi 178, zaidi ya nusu ya yadi zote. Mwaka uliofuata timu hizo zilikutana tena, na Colts wakashinda 31 kwa 16.

Mkono ulipochoka

Unitas aliweka rekodi ya michezo 47 mfululizo akitoa angalau pasi moja ya kufunga, rekodi iliyodumu hadi mwaka 2012. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1959, 1964 na 1967. Lakini mwaka 1968 kiwiko chake cha kulia kiliumia kabla ya msimu. Colts walimtumia Earl Morrall, mkongwe aliyekuwa amezunguka timu kadhaa, wakashinda michezo 13 na kupoteza mmoja, na Morrall akawa mchezaji bora wa ligi.

Waliodhani kwotabeki yeyote angeng'ara Baltimore walipata hoja. Januari 1969 hoja hiyo ikayumba. Katika Super Bowl ya tatu, Colts walifungwa 16 kwa 7 na New York Jets, waliofundishwa na Weeb Ewbank yuleyule. Pointi saba pekee za Colts zilipatikana baada ya Unitas, na mkono wake mbovu, kuingizwa kipindi cha pili. Miaka miwili baadaye mambo yaligeuka: Unitas aliumia katikati ya Super Bowl ya tano, Morrall akaumalizia mchezo, na Colts wakawashinda Dallas Cowboys 16 kwa 13.

Mwaka 1973 aliuzwa San Diego. Parker na Berry walikuwa wameshastaafu, mwili umechoka, na wenzake wapya hakuwazoea. Alicheza michezo mitano tu, akatoa pasi tatu za kufunga huku saba zikidakwa na wapinzani. Mwaka 1974 aliacha mchezo.

Nje ya uwanja

Biashara haikumpokea kama uwanja. Ameche na Marchetti waliungana na washirika wakafungua migahawa ya vyakula vya haraka iliyoitwa Gino's. Ilifika zaidi ya 300, ikauzwa mwaka 1982. Unitas naye alijaribu: mgahawa, michezo ya kugongesha mipira, kiwanda cha vifaa vya elektroniki. Mwaka 1991 aliomba ulinzi wa mahakama kama mtu aliyefilisika. Uwanjani alijua nani anaulinda mgongo wake. Katika biashara hakuwa na Jim Parker.

Mkono wa kulia, uliompa jina, ulidhoofika taratibu mpaka vidole vikashindwa kushika vitu vizuri. Alicheza gofu kwa kuufunga mkono kwenye fimbo kwa mkanda.

Alifariki tarehe 11 Septemba 2002 kwa ugonjwa wa moyo akiwa kwenye mazoezi, na umri wake ulikuwa miaka 69. Katika mazishi yake Baltimore, aliyesimama kumzungumzia alikuwa Raymond Berry, yule wa kubaki uwanjani wenzake wakienda kuoga.

Jumba la heshima la mchezo huo liko Canton, Ohio, na orodha yake ina mpangilio wa miaka. Marchetti aliingia mwaka 1972. Berry na Parker waliingia 1973. Moore aliingia 1975, Ewbank 1978. Mwenye mkono wa dhahabu aliingia mwaka 1979, na alipofika aliwakuta wenzake wameshatangulia.