Maisha ya Menno Simons

Jina la Menno limo katika jina la Kanisa letu tangu wamisionari wa kwanza walipofika Shirati mwaka 1934, nasi wa Dar es Salaam tumelirithi pamoja na wengine. Lakini mtoto akimwuliza mwalimu wake huyu Menno alikuwa nani, mara nyingi hujibiwa maneno mawili matatu tu. Basi imefaa habari zake ziwekwe katika kitabu hiki cha Jubilei.

Alizaliwa mwaka 1496 katika kijiji cha Witmarsum, nchi ya Friesland, huko Uholanzi. Nchi ile ni tambarare tupu, na watu wake huizuia bahari kwa maboma ya udongo. Sisi tuliokwisha kuona bonde la Msimbazi likifurika wakati wa masika hatuna haja ya kuelezwa sana jinsi watu wanavyoishi wakiyatazama maji kwa hofu.

Mwaka 1524 Menno alipewa upadre, akatumwa kijiji cha Pingjum, karibu na kwao. Alikuwa na umri wa miaka 28, naye hakuwa amepata kuisoma Biblia hata siku moja, kwa kuwa aliogopa isije ikampoteza. Alisoma misa, alibatiza watoto, akazika wafu. Na saa zilizobaki yeye na mapadre wenzake wawili walicheza karata na kunywa pombe. Hata siku moja, akiwa ameshika mkate na divai mbele ya watu, likamwingia moyoni shaka kama kweli ule ulikuwa mwili wa Bwana. Alidhani ni Shetani. Akaungama, akaomba, shaka haikuondoka. Mwisho akalifunua Agano Jipya, wala hakusoma sana kabla ya kuona kwamba amedanganyika. Watu wakaanza kumsifu kuwa ni mhubiri wa Injili, naye akazipenda sifa zile.

Machi 1531, katika mji wa Leeuwarden, fundi mmoja wa kushona nguo, jina lake Sicke Freerks, alikatwa kichwa kwa sababu alibatizwa mara ya pili. Habari hii ilimshangaza Menno, maana hakuwa amesikia kwamba uko ubatizo wa pili. Akachunguza Maandiko asione ubatizo wa watoto wachanga. Akavisoma vitabu vya Luther, na vya Bucer, na vya Bullinger. Kila mmoja akampa sababu yake, wala hazikupatana.

Mtu angedhani kwamba sasa ataiacha kazi yake. Sivyo! Mwaka huo huo alikubali kuhamishwa Witmarsum, mahali penye pato kubwa zaidi na heshima zaidi, na baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba ndiyo yaliyomvuta. Alikaa huko karibu miaka mitano, akijua jambo moja na kutenda jingine. Nadhani wako wasomaji watakaolifahamu jambo hili kuliko yote mengine ya maisha yake.

Wakati ule watu wengine waliobatizwa upya walipotezwa na manabii wa uongo, wakautwaa mji wa Münster kwa silaha. Machi 1535 wengine kama 300 waliiteka nyumba ya watawa karibu na Bolsward, si mbali na kwa Menno. Askari wakawazunguka, Aprili wakaishinda nyumba ile, na wengi wakauawa. Menno aliwaona wale kuwa wamekosea kushika upanga; alikuwa amekwisha kuwapinga. Lakini damu yao ikamlemea. Walikuwa kondoo wasio na mchungaji, walioyatoa maisha yao kwa ajili ya imani iliyopotoka, na yeye aliyeijua kweli alikuwa amekaa nyumbani akila vizuri. Kwa muda wa miezi tisa alihubiri toba hadharani katika mimbari yake. Kisha, tarehe 30 Januari 1536, akaacha pato, nyumba na jina, akaondoka.

Akabatizwa, akaoa mke jina lake Geertruydt, na ndugu waliochukia upanga wakamwomba awe mzee wao. Tangu hapo hakuwa na makao. Mwaka 1539 mkulima mmoja, Tjard Reynders, aliuawa kwa kosa la kumpa malazi tu. Desemba 1542 Kaisari Charles wa Tano akaahidi fedha 100 za dhahabu kwa atakayemkamata, na mhalifu atakayemtoa asamehewe makosa yake. Menno aliandika kwamba katika nchi zote hakuona kibanda ambamo mkewe na watoto wake wangekaa salama hata nusu mwaka.

Lakini hakuacha kuandika na kubatiza. Alikwenda Emden, akaenda Cologne, na mwaka 1553 alikuwa Wismar, kando ya bahari ya kaskazini ya Ujerumani. Wakati wa baridi kali jahazi la wakimbizi kutoka Uingereza likakwama katika barafu karibu na mji. Wakuu wa mji walikataa kuwasaidia, kwa kuwa si wa imani yao. Ndugu wa Menno, ambao wenyewe walikuwa wamejificha, wakatoka wakawapelekea chakula. Wageni wale walipokwisha kupata nguvu wakaanza kubishana nao juu ya mafundisho, habari ikaenea, na mwaka 1554 ndugu wakaamriwa kutoka mjini.

Jambo moja siwezi kulisifu. Ndugu walishika sana desturi ya kumtenga aliyeanguka, na huko Emden mwanamke mmoja aliambiwa amwepuke mumewe aliyetengwa, asile naye wala asilale naye. Mwanamke akakataa. Kwanza Menno aliwasihi wazee wasimlazimishe. Baadaye akawafuata waliokuwa wakali, na makutaniko mengi yakafarakana.

Miaka yake ya mwisho aliishi Wüstenfelde, karibu na Oldesloe, katika shamba la bwana mmoja aliyewahurumia ndugu. Huko alitembea kwa gongo, maana mguu wake mmoja ulikuwa umelemaa, na vitabu vyake vilipigwa chapa. Mkewe alimtangulia kufa. Naye akafa tarehe 31 Januari 1561, miaka 25 na siku moja tangu alipotoka Witmarsum, akazikwa katika bustani yake. Kijiji kile kiliharibiwa baadaye katika Vita vya Miaka Thelathini, na mahali pa kaburi lake hapajulikani.